Miaka tisa kwenye lori, na bado nimeanguka mtihani wa maandishi wa Daraja E

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 37, mkazi wa Makorora hapa Tanga, nina mke na watoto watatu. Nilimaliza darasa la saba, sikuendelea na masomo, nikaingia kwenye magari. Kwa miaka tisa nilikuwa utingo kwenye semi zilizokuwa zikipakia saruji Pongwe na kuipeleka Moshi na Arusha. Baadaye nilipata leseni ya Daraja D, na huu ni mwaka wa nne naendesha gari dogo la mizigo la tajiri mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani.

Mwaka huu mwenye malori mmoja anayechukua mizigo bandarini aliniahidi kwamba nikipata Daraja E, yaani leseni ya malori makubwa, atanikabidhi kichwa na tela. Nikalipa ada ya mafunzo kwa fedha ambazo mama watoto alikuwa ameziweka kwa ajili ya kuezeka upya nyumba. Kwa vitendo sikuwa na shida, na siku ya kurudisha tela nyuma kati ya nguzo mkufunzi aliwaita wenzangu waje kutazama. Ulipokuja mtihani wa maandishi, kati ya maswali 40 nilipata 21. Nimepewa wiki sita niurudie.

Baadhi ya maswali niliyokosa bado yananisumbua, kwa sababu niliyajibu kwa uhakika kabisa. Liliulizwa swali kwamba lori lililo mbele yako limewasha indiketa ya kulia, dereva wake anakusudia nini? Nikachagua kwamba anakukataza usimpite, maana ndivyo tulivyofanya barabarani siku zote. Liliulizwa jingine, unashuka mteremko mrefu ukiwa na mzigo, utazitumiaje breki? Nikachagua kuzikanyaga kidogo kidogo bila kuachia mpaka chini. Tena likaulizwa, ikiwa uzito wa jumla wa lori haujazidi kiwango, je, lori hilo limetimiza sheria ya uzito? Nikajibu ndiyo. Yote nikakosa.

Sasa nimekwama. Nikifungua kijitabu usiku usingizi unanichukua kabla sijamaliza ukurasa. Wenzangu wamenipa karatasi za fotokopi zenye majibu, wananiambia nikariri herufi tu. Kijana mmoja amenifuata akisema nikitoa kitu kidogo jambo hili litakwisha bila mtihani wowote. Binti yangu wa kidato cha tatu amejitolea kunisomea, nami naona haya mtoto kumfundisha baba yake. Naomba uniambie kweli, Mzee wangu. Je, ni haki mtu aliyelala chini ya lori miaka tisa kuangushwa na karatasi? Na nifanye nini katika wiki hizi sita?

Mwanao, utingo wa zamani, Makorora

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu, kwa sababu maswali matatu uliyoyataja yamenieleza shida yako kuliko maneno yako mengine yote. Wewe huna tatizo la kutojua. Umekosa maswali ambayo barabara ilikwisha kukufundisha majibu yake, na barabara ilikufundisha vibaya. Mtu asiyejua kitu husita, akabahatisha, na mara nyingine akapata. Wewe hukusita, na ndiyo maana nakuomba usiyachukulie matokeo haya kama dharau kwa miaka yako tisa. Kazi uliyo nayo katika wiki hizi sita ni kuyapitia yale unayoyajua moja baada ya jingine, ukayatenga yaliyo sheria na yaliyo mazoea, na kila lililobaki upande wa sheria ukalitafutia sababu yake.

Tuanze na indiketa, maana hiyo inaniuma mimi mwenyewe. Ni kweli kwamba madereva wa malori na mabasi katika nchi yetu wamezoea kuambiana kwa taa: anayekutangulia akiwasha ya kulia amekuambia mbele kuna gari, akiwasha ya kushoto amekuambia pita. Niliitii lugha hiyo kwa miaka mingi. Jioni moja, nimetoka Segera naelekea Korogwe na mbao nyuma, lori lililokuwa mbele yangu liliwasha taa ya kushoto, nami nikatoka kulipita bila kufikiri. Dereva yule hakuwa akinikaribisha; alikuwa akitaka kuingia kushoto kwenye kibanda cha chai. Nilipokuwa sambamba na tela lake ndipo nilipoziona taa za basi likija, na kilichoniokoa ni kwamba yule bwana aliniona kwenye kioo chake, akaingia kwenye changarawe kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Nilisimama mbele yake, nikashuka, miguu ikakataa kunibeba, nikaketi kwenye ngazi ya kichwa.

Kwa hiyo jibu la mtihani ni moja: indiketa ya kulia inasema kwamba gari hilo litakwenda kulia, ama kwa kukata kona, ama kwa kuhama upande, ama kwa kulipita lililo mbele yake. Sheria haiijui lugha nyingine ya taa hiyo, na dereva aliye mbele yako hawezi kukupa ruhusa ya kupita, kwa kuwa yeye hayaoni macho yako, wala hajui urefu wa gari lako, wala hatakuwapo mahakamani kusema kwamba ndiye aliyekutuma. Ukilielewa hili hivyo, swali hilo hata likigeuzwa namna gani hutalikosa tena. Lipime vivyo hivyo lile la matawi ya miti tunayoyatupa barabarani gari likiharibika. Mtihani ukikuuliza utaweka nini, jibu ni pembetatu zenye kuakisi mwanga, mbele na nyuma ya gari, kwa umbali unaompa anayekuja nafasi ya kupunguza mwendo. Tawi halionekani usiku, na mara nyingi gari likishatengemaa tawi linabaki pale pale na kumwangusha mwenye pikipiki.

Swali la mteremko ndilo ninalotaka ukae nalo muda mrefu kuliko yote, kwa sababu lina maisha ya watu ndani yake. Unaijua barabara ya kutoka Lushoto kupitia Soni kuteremka mpaka Mombo, ilivyo na kona baada ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Ukishuka pale na mzigo huku umekanyaga breki bila kuachia, ukanda wa breki unasugua ngoma, lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu, muda wote, ngoma inapata moto, na chuma kikipata moto kinatanuka. Ngoma ikitanuka inajitenga na ukanda, kwa hiyo unalazimika kukanyaga zaidi ili upate nguvu ile ile, na kukanyaga zaidi kunaongeza moto. Wewe uliyekuwa utingo unaijua harufu ile inayoingia kabla ya moshi kuonekana. Harufu ile ni onyo la mwisho.

Jibu sahihi linaanza kabla mteremko haujaanza. Unaingia gia ndogo ukiwa bado juu, kwa sababu gari likishashika kasi gia ndogo inaweza kukataa kuingia, ukajikuta katikati ya mlima gia iko huru na injini haikusaidii chochote. Kazi ya kulizuia gari unaiachia injini pamoja na breki ya ekzosi, ile inayobana moshi wa injini ili injini ilizuie gari, kama ipo, na breki za magurudumu unazitumia kusaidia tu. Namna ya kuzitumia ni hii: unachagua mwendo ulio salama kwa mteremko ule, tuseme kilomita 40 kwa saa, ukifika 40 unakanyaga kwa nguvu ya kutosha mpaka ushuke karibu na 30, kisha unaachia kabisa ili ngoma zipoe, na mwendo ukipanda tena hadi 40 unarudia. Ukiona katika majibu maneno kama "gia huru", mwanangu, yakimbie.

Hapo hapo tuzungumze juu ya breki za upepo, ambazo hukuzitaja, nami naogopa ndizo zilizokula alama zako nyingine. Gari dogo unaloendesha sasa breki zake hutumia oili, na ukiona pedali inazama umezoea kuipampu mara mbili tatu mpaka ipande. Mguu wako umejifunza hivyo kwa miaka minne. Kwenye lori tabia hiyo inaua. Kompresa inayoendeshwa na injini inajaza upepo kwenye matangi, na kila unapokanyaga na kuachia, upepo ulioingia kwenye breki unatoka nje, ule mlio wa "tshaa" unaousikia. Ukipampu mfululizo unautoa upepo kwa haraka kuliko kompresa inavyoweza kuurudisha.

Katika mfumo wa kawaida wa malori, upepo ukishuka karibu na pauni 60 kwa inchi ya mraba, ambazo kwenye geji nyingi zenye namba ndogo ni karibu na alama ya 4, taa nyekundu huwaka au king'ora hulia. Maana yake ni kwamba utafute mahali salama usimame sasa, wakati breki bado unazo. Ukiendelea na upepo ukazidi kushuka, kati ya pauni 45 na 20 hivi springi zilizokuwa zimezuiwa na upepo zinaachiwa na kuyashika magurudumu zenyewe, popote ulipo. Hii ndiyo sababu lori lililolala usiku kucha halitaki kuondoka asubuhi mpaka injini iungurume kwanza: breki ya kuegesha inashikwa na springi, na upepo kazi yake ni kuiachia. Wengi walionijia wakiwa wameanguka mtihani walikuwa wanaamini kinyume chake, kwamba upepo ndio unaoshika. Ukilijua hili moja, maswali manne au matano yanajijibu.

Kisha kuna maji. Sisi tunaishi pwani, hewa yetu ina unyevu, na kompresa inapoibana hewa hiyo maji yanajitenga na kutulia chini ya tangi. Umewahi kuagizwa na dereva wako uingie chini ya lori alfajiri uvute kile kipete cha tangi. Kumbuka kilichotoka: kwanza ukungu, kisha maji ya rangi ya chai iliyopauka, yenye mafuta mafuta, yakikurukia usoni. Hukuambiwa kwa nini, ukafanya. Sababu ni kwamba maji yanachukua nafasi ya upepo ndani ya tangi na yanakula chuma na vali, kwa hiyo akiba ya breki inapungua bila geji kukuonyesha. Swali "Kwa nini matangi ya upepo humwagwa maji?" ni lako wewe kuliko mtu yeyote aliyeketi katika chumba kile, kwa kuwa umeshayafuta usoni kwa mkono wako.

Nije kwenye uzito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Inaweka ukomo wa tani 56 kwa uzito wa jumla, lakini pia inatazama kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, na kila kundi la ekseli. Ekseli ya usukani tani 8; ekseli moja yenye tairi mbili kila upande tani 10; ekseli mbili za pamoja za namna hiyo tani 18; tatu za pamoja tani 24. Chukua semi uliyokuwa ukiifanyia kazi, yenye ekseli ya usukani, mbili za nyuma za kichwa na tatu za tela. Jumlisha 8 na 18 na 24, unapata tani 50.

Sasa pakia mifuko 600 ya saruji ya kilo 50, ambayo ni tani 30, juu ya gari ambalo tupu lina tani 17. Jumla ni tani 47, na kwa hesabu ya jumla umepona. Lakini tuseme wapakiaji waliharakisha wakarundika mifuko mbele ya tela, na mizani ikaonyesha usukani tani 7, ekseli mbili za kichwa tani 20, na tatu za tela tani 20. Jumla bado ni 47, ila kundi la katikati limezidi kwa tani 2, na wewe umevunja sheria ukiwa na mzigo halali. Ndiyo maana jibu lako la "ndiyo" halikukubaliwa. Sababu ya sheria hiyo iko chini ya matairi: lami haibebi lori zima mahali pamoja, inabeba kila ekseli pale inapokanyaga, na ekseli iliyozidi ndiyo inayochimba yale mashimo tunayoyalalamikia. Nakushauri uipige hesabu hii kwa mkono wako mara tatu nne ukibadilisha namba, mpaka uweze kuipiga bila kuangalia.

Umbali wa kusimama nao una hesabu yake, na hauhitaji elimu kubwa. Nje ya makazi lori lako halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi yenye kibao cha 50 lisizidi 50. Kwa mwendo wa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukiona hatari, sekunde moja hupita kabla mguu haujafika kwenye pedali, na breki za upepo huchelewa karibu nusu sekunde nyingine wakati upepo unasafiri kwenye mipira. Hizo ni mita 33 ambazo umekwisha kuzipita kabla ukanda haujaigusa ngoma, yaani urefu wa semi mbili zikifuatana. Kusimama kwenyewe ndiko kunaanza hapo. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki ziliposhika unaongezeka mara nne, si mara mbili. Hilo nalo ni swali linalopenda kurudi. Vitabu vya madereva wa malori vya Marekani vinafundisha kuacha sekunde moja kwa kila mita tatu za urefu wa gari lako, na kuongeza moja zaidi ukipita mwendo wa kilomita 60 hivi. Kwa lori la mita 15 hizo ni sekunde sita. Utazihesabu kwa kutazama gari la mbele likipita nguzo ya umeme, kisha unahesabu mpaka wewe uifikie. Ukiwa kwenye gari lako dogo anza kufanya hivyo kesho.

Alama za barabarani sitakaa nazo sana, kwa kuwa unaziona kila siku. Kumbuka tu umbo kabla ya picha: pembetatu yenye ukingo mwekundu inakutahadharisha, duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la buluu linakuamuru, pembe nane ni kusimama kabisa, na pembetatu iliyopinduliwa ni kumpisha mwenzako. Zile zinazohusu malori, yaani za urefu wa kwenda juu, upana, uzito wa jumla na uzito wa ekseli, zichore kwenye daftari, maana waendeshao magari madogo huzipita bila kuzisoma na wewe umekuwa mmoja wao kwa miaka minne. Kwenye makutano na reli, ukumbuke kwamba treni za mizigo kati ya Tanga na Moshi zilirudi mwaka 2019. Lori huvuka kwa gia moja bila kuibadilisha juu ya reli, na halianzi kuvuka mpaka dereva aone upande wa pili nafasi ya kutosha gari zima pamoja na tela.

Sasa namna ya kusoma. Usiku achana na kijitabu. Mtu aliyepakua nondo mchana kutwa hawezi kusoma saa nne ya usiku, na kusinzia kwako si uvivu. Tumia dakika 20 baada ya swala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, usome ukurasa mmoja tu, kwa sauti. Jioni, kijitabu akishike binti yako.

Najua hapo umeona haya tena, basi nisikilize. Hatakufundisha yeye, wewe ndiye utakayemfundisha. Yeye akuulize swali, nawe umweleze jibu na sababu yake kama mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye kichwa cha lori, maana kweli hajaingia. Akikuuliza "Kwa nini, baba?" na ukakosa la kusema, hapo umepata la kusoma kesho alfajiri. Mtoto aliyemwona baba yake akileta nyumbani kuku, saruji na karo za shule hawezi kumdharau kwa kusoma.

Karatasi za majibu uziweke pembeni. Mwenye kukariri kwamba swali la saba ni "b" anaanguka siku maswali yanapopangwa upya, na hata akifaulu hana kitu mkononi. Badala yake, soma swali lenyewe kwa uangalifu, kwa kuwa karatasi ya mtihani ina Kiswahili chake. Barabarani tunasema stelingi, karatasi inasema usukani. Tunasema indiketa, huenda ikasema kiashiria. Tunasema pedali, ikasema kikanyagio. Katika hili nakubaliana nawe kwamba mtu wa kazi anaweza kuangushwa na neno tu, na si haki. Mwombe mkufunzi wako akupe orodha ya maneno hayo, ni haki yako kuuliza. Tena ukikutana na "isipokuwa", "kamwe" au "jambo la kwanza", lipigie mstari kabla hujasoma majibu. Swali linalouliza "yote haya ni sahihi isipokuwa lipi" limeangusha watu waliokuwa wanajua majibu yote manne.

Kuhusu yule kijana wa kitu kidogo, jibu ni hapana, na usimpe hata ya soda. Mwenye malori aliyekuahidi kazi hatakupeleka ofisini. Atakupa tani 30 na kukuelekeza milimani. Siku king'ora cha upepo kitakapolia utakuwa peke yako na utingo wako, kijana wa watu kama ulivyokuwa wewe, amelala kwenye kiti cha kushoto akiamini kwamba unajua maana ya mlio ule. Fedha ya mama watoto ilinunua mafunzo. Yatumie.

Jumamosi nenda kwa huyo mwenye malori umwombe ruhusa ya kukaa na lori lililoegeshwa kwa saa moja, pamoja na dereva wake. Wekeni vigingi kwenye magurudumu, mjaze upepo, mzime injini, mwachie breki ya kuegesha, kisha ukanyage breki ya mguu uishikilie dakika moja huku ukiitazama geji. Kwa kichwa na tela, vitabu nilivyokutajia vinasema upepo usishuke zaidi ya pauni 4 katika dakika hiyo. Ukishuka zaidi, kuna mahali panavuja, na wewe una masikio ya kupatafuta. Baada ya hapo ikanyage na kuiachia mara nyingi ukihesabu, mpaka taa nyekundu iwake. Iandike namba hiyo kwenye daftari: mara ngapi, na geji ilikuwa inasoma ngapi.

Jambo jingine, itoe leseni yako ya Daraja D uitazame tarehe. Sheria inamtaka mwombaji wa Daraja E awe na Daraja D kwa muda usiopungua miaka mitatu, nawe umevuka hapo, lakini kama inakaribia kuisha muda wake, kaihuishe wiki hii na usingoje siku ya mtihani. Ukiufanya, niandikie uniambie ni maswali gani yalikutatiza safari hii. Nitakujibu ukiwa umefaulu na nitakujibu ukiwa hujafaulu.